Kikiingia Kizee, Kitoke Mwali

Pale Soweto, jijini Mbeya, ukishawapita wauza mitumba na mashine ya kusaga, kuna duka la sonara ambalo halijawahi kujitangaza. Lina mlango wa chuma, dirisha la nondo na benchi moja la wateja. Nyuma ya pazia kuna karakana ambako Mzee Yotamu Mwambene na binti yake Tusekile wamekaa mgongo kwa mgongo miaka mingi, kila mmoja na meza yake, wakigombania koleo moja. Mgeni hulipita akidhani ni kwa fundi saa. Wenyeji wanalijua. Pete iliyopasuka, mkufu uliokatika, hereni iliyofiwa na mwenzake kwenye vurugu za harusi, vyote huletwa pale vimefungwa kwenye pindo la kanga, na wenyewe huvikabidhi kwa sauti ya chini kama mtu anayempeleka mtoto kwa daktari.

Duka lina sheria moja. "Kitu kikiingia kizee, kitoke mwali," husema Mzee Yotamu. Maana yake, hata ukileta mkufu wa kuungwa mahali pamoja tu, hautoki mpaka umeoshwa, umepigwa msasa na kupitishwa kwenye mashine ya polishi, ung'ae hata mwenyewe usiutambue. Mteja akisema ana haraka, Mzee humjibu kwamba haraka hizo azipeleke kwa fundi baiskeli. Ufundi aliurithi kwa baba yake na ukaidi aliuongeza mwenyewe. Siku hizi macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo kazi ya moto ni ya Tusekile, na yeye amebaki na kazi ya vidole na ya mdomo. Ya mdomo ndiyo nyingi zaidi.

Tusekile hakuolewa. Ameolewa na karakana, kama alivyopenda kusema shangazi yake Bertha, dada wa Mzee, aliyemlea. Na niseme wazi mapema, maana hadithi ya kufichaficha hainipendezi: maisha yake yote Tusekile alikuwa akimsubiri mama yake.

Mama huyo, Tekla Kalinga, alikuwa Mhehe wa Iringa. Aliondoka Mbeya Tusekile angali wa kubebwa mgongoni, akaenda kwao na hakurudi. Mtoto alipoanza kuuliza, baba alisema, "Alikwenda kusalimia kwao." Alipouliza tena, jibu lilikuwa lile lile, kana kwamba salamu za Iringa hazina mwisho. Shangazi Bertha alisema mama amepata maisha mengine, na kwamba mtoto mwenye adabu hachimbui. Tusekile akawa na adabu. Lakini ndani yake kidonda hakikufunga. Msichana alipokua mwanamke alijitungia neno la kujikaza nalo. "Duka halijahama," alijiambia. "Anayenitaka anajua lilipo." Mara moja adabu ilimshinda, akapanda basi la Iringa asubuhi bila kumuaga mtu. Alipofika Makambako aliteremka, akanunua mahindi ya kuchoma, akala amesimama kando ya barabara huku machozi yanamtoka, kisha akavuka upande wa pili na kupanda basi la kurudi. Aliogopa kugonga mlango akaulizwa, "Wewe nani?"

Kwa hiyo akabaki na mchezo mmoja mdogo wa siri. Kila mteja aliyesema ametoka Iringa, Tusekile alimuuliza, kama mtu anayepitisha muda tu, "Iringa ya wapi?" Halafu, "Akina Kalinga unawajua?" Nao humwambia kwamba akina Kalinga Iringa ni wengi kama mahindi, anamtaka yupi? Naye hucheka na kusema hamtaki yeyote, anauliza tu. Alimuuliza kila mmoja. Isipokuwa yule ambaye angemjibu.

Siku aliyokuja mteja aliyeitwa Blandina kulikuwa na ile baridi ya Julai inayowafanya watu wa Mbeya watembee mikono kwapani, na Tusekile alikuwa na maharusi. Bwana harusi alikuwa na kidole kinene kwenye fundo na chembamba chini yake, kidole cha kumtesa sonara: pete ikipita juu, chini inachezacheza. Bibi harusi naye alishaanza kusema kwamba pete ya kuchezacheza ni ishara mbaya, na mama mkwe mtarajiwa, aliyekuja bila kualikwa, alikuwa akiitafuta maana ya neno hilo. Katikati ya mtafaruku huo akaingia mwanamke wa makamo mwenye sweta na kitenge, ananuka vitunguu. Hakumsumbua Tusekile. Alimwendea Mzee kwenye kiti chake karibu na mlango, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndaga, asante. Karibu mwanangu."

Mwanamke akafungua pindo la kitenge na kumwekea kitu kiganjani. Tusekile alikitupia jicho: bangili ya dhahabu, nyembamba, ya zamani, imekatwa na kutanuliwa kama mdomo wa ndege. Aliona baba yake ameifumba ndani ya ngumi na kukaa nayo kimya. Alidhani anaipima uzito, maana Mzee kiganja chake ndiyo mizani yake. Wakaongea kwa sauti ndogo. Alisikia neno "hospitali" na neno "Iringa", na moyo wake ukashtuka kama kawaida yake. Lakini bwana harusi alikuwa amekwamisha pete ya kupimia, kidole kimeanza kuwa chekundu, na mama mkwe anataka sabuni iletwe haraka. Sabuni ilipofanya kazi yake na kidole kikapona, mwanamke wa vitunguu alikuwa ameshaondoka.

"Yule dada anasemaje?" Tusekile aliuliza.

"Hii imekatwa hospitali. Mwenyewe mkono ulivimba, wauguzi wakaona itamzuia damu." Mzee alikuwa bado ameifumba. "Anataka iungwe. Atapita kuichukua akirudi kupakia viazi Uyole."

"Basi? Iungwe tu?"

Mzee aliihamishia kiganja kingine. "Wewe sheria yetu unaijua," alisema. "Itoke mwali."

Tusekile aliipenda kazi hiyo. Dhahabu ilikuwa ya Chunya, ya zamani, haikuchanganywa sana, laini na yenye rangi nzito ambayo siku hizi watu hawaitaki kwa sababu ya bei. Aliyeitengeneza alikuwa na mkono mzuri. Kitu kimoja tu kilimuudhi. Upande mmoja, pembezoni, kulikuwa na vidonda vidogo vidogo vilivyokaribiana, kama mahali palipodonolewa na kifaranga. Alivitazama kwa lenzi, akasonya. Watu wengine hawafai kupewa dhahabu. Huyu bila shaka alikuwa akitwanga nayo kisamvu.

Aliivika bangili kwenye mti wa chuma na kuanza kuipigapiga kwa nyundo ya mbao, polepole, akiviamsha vile vidonda kimoja kimoja. Vilivyogoma alivipitisha tupa. Kisha akaongeza kipande chembamba cha dhahabu mahali ilipokatwa ili iwe na nafasi kidogo kuliko mwanzo, akawasha moto, akaitia lehemu. Mwisho akaketi kwenye mashine ya polishi. Baba yake alisogeza kiti karibu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, na muda wote brashi ilipokuwa ikilia alikaa ameinamisha kichwa kama mtu aliye ibadani.

"Nipe," alisema ilipokwisha. Akaizungusha vidoleni mara nyingi, akapitisha ukucha pale palipoungwa asipate kitu. Tusekile alimwona anatabasamu, tabasamu la mbali ambalo hakulijua. "Kama siku ya kwanza," Mzee alisema.

Maneno hayo yangemwambia kitu, kama angekuwa anasikiliza. Lakini fundi aliyesifiwa huwa hasikilizi, anafurahi tu.

Blandina alirudi siku ya gulio. Safari hii duka lilikuwa tupu. Tusekile mwenyewe ndiye aliyemkabidhi bangili juu ya kitambaa cheusi, akasimama akisubiri yale macho ambayo wateja huyatoa, na ambayo kwake ni malipo mengine. Blandina hakutoa macho hayo. Aliigeuza bangili. Akaigeuza tena, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akapitisha kidole pembezoni mwote, akafika mwisho, akaanza upya. Kisha akamgeukia Mzee, na sauti yake ikatoka imevunjika.

"Baba mdogo. Si nilikuambia ising'arishwe? Si nilikuambia iungwe tu, vingine visiguswe?"

Tusekile alilisikia neno moja tu. Mwanamke wa mbali hamwiti mzee wa watu baba mdogo. Kwa mwanamke aliyetoka Iringa, huyu baba mdogo angekuwa mume wa mdogo wake mama yake. Alihesabu ukoo huo kichwani, taratibu, kama anayepanda ngazi gizani, na kila alipokanyaga palikuwa na kidato kingine.

"Wewe ni nani?" alimuuliza.

"Blandina. Mama yangu na mama yako tumbo moja." Alijifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Hii ni ya mama mdogo Tekla. Alinikataza nisiseme. Aliniambia, 'Peleka dukani. Mwanangu akiiuliza mwenyewe ni ya nani, mwambie. Asipouliza, nyamaza, ujue hanitaki.' Nikaja. Hukuuliza, dada. Ulikuwa unahangaika na kidole cha yule bwana."

Tusekile akaketi kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kuketi. Miaka yote hiyo ya kuwauliza wauza mbao, mashemasi na makondakta. Akatamani kucheka na hakuweza.

"Na vidonda vile?" aliuliza, ingawa tayari alianza kuogopa jibu. "Vile vya pembeni, vilikuwa nini?"

"Meno yako," alisema Blandina. "Ulipoanza kuota meno ulikuwa unaing'ata ikiwa mkononi mwake. Ndicho kitu chako pekee alichoondoka nacho. Akikaa, akipika, akiwa kanisani, kidole gumba kiko hapo hapo kinatafuta. Hospitali alipoona wanaleta mkasi aliwaambia wakate upande mwingine. Homa yote ile, na bado aliwaonyesha pa kukata."

Nje mashine ya kusaga iliendelea na kelele zake. Tusekile aliinuka, akaenda nyuma ya pazia, akavuta droo ya mashine ya polishi ambamo vumbi hukusanyika ili dhahabu isipotee. Masonara hawatupi vumbi. Wanalitunza mpaka liwe la kutosha, wanaliyeyusha, linakuwa mali tena. Alilitazama vumbi lile la kijivu. Meno yake yalikuwa humo, yamechanganyika na pete za maharusi na vidani vya watu asiowajua, na hakuna moto wa kuyatenganisha.

Alirudi na kusimama mbele ya baba yake.

"Ulijua ni ya mama."

"Ilipogusa kiganja tu," alisema Mzee. "Niliitengeneza ulipozaliwa. Mkono wangu naujua."

"Ukaambiwa isiguswe."

"Niliambiwa." Alikuwa akisugua magoti yake kwa viganja. "Nikadhani anaona haya kutusumbua. Mimi nilitaka imrudie kama siku nilipomvalisha. Nikasema, labda akiiona hivyo, atajua. Hayo ya meno sikuyajua, Tuse. Hakuna aliyeniambia."

"Ungeambiwaje, baba? Siku zote ulikuwa dukani."

Yalikuwa maneno makali kwa baba, na Tusekile hakuyarudisha. Mzee aliyameza. Kisha, kwa sauti ya kufunga hesabu, ile ya kumwambia mteja kwamba hakuna kisichotengenezeka, akasema, "Tunaweza kuyarudisha. Nipe msumari ule mwembamba. Blandina atatuonyesha yalikuwa wapi, mimi nitagonga. Mama yako hatatofautisha."

"Na yatakuwa meno ya nani, baba?"

Blandina alimtazama Mzee kwa huruma, na pengine kwa hasira pia, maana alichokisema baada ya hapo kilikuwa kimekaa muda mrefu kifuani mwa ukoo mzima.

"Ndivyo ilivyokuwa na zile hereni, baba mdogo. Ndivyo hivyo hivyo."

Tusekile hakuwa na habari ya hereni zozote. Akaambiwa siku hiyo, mbele ya Mzee mwenyewe. Tekla alipoolewa alikuja na hereni ndogo za marehemu mama yake, za umbo la jani, moja imepinda kidogo. Siku moja Yotamu alibanwa na kazi ya harusi ya watu wakubwa na dhahabu ikapungua. Akazichukua hereni zile, akaziyeyusha. Hakuona kosa. Dhahabu ni dhahabu, alimwambia mkewe alipozitafuta, na nitakutengenezea nyingine nzuri kuliko hizo. Tekla hakupiga kelele. Alifunga nguo zake, akaambiwa mtoto ni wa ukoo wa baba na atabaki, akaenda kwao. Kwa desturi, mume aliyekosa hufuata, huketi mbele ya wakwe, huomba radhi na kupewa mke wake. Watu wa Kalinga wakasubiri, na Tekla akasubiri. Yotamu akasema aliyeondoka kwa miguu yake atarudi kwa miguu yake. Mwaka ukapita, na wa pili. Baadaye hata aibu ikawa nzee, na aibu iliyozeeka haina wa kuing'arisha.

Tusekile alikumbuka kitu. Tangu utoto wake alimwona baba yake, kazi zikiwa zimelala, akitengeneza hereni ndogo za umbo la jani ambazo hakuna mteja aliyeziagiza. Huzitazama, hutikisa kichwa, huzirudisha kwenye moto. Kila alipouliza, aliambiwa ni mazoezi ya mkono.

"Zile hereni za mazoezi," alisema.

"Hazifanani," alisema Mzee Yotamu. "Sijawahi kuzipata. Ile iliyopinda, sikumbuki ilipinda vipi." Machozi yalimtoka kwenye macho yale yenye ukungu, na hakuyafuta, labda alidhani hayaonekani.

Tusekile alimpenda baba yake wakati ule, na alimkasirikia, na hakuona sababu ya kimoja kungoja kingine kimalizike. Aliifunga bangili kwenye leso. Alivaa koti lake la baridi. Kwa mara ya kwanza hakuulizwa anakwenda wapi.

"Nikija mimi," Mzee aliuliza, akielekeza uso upande ambao si wa Blandina hasa, "watanipokea?"

"Mlango wa Kalinga haujahama, baba mdogo," alisema Blandina.

Walipanda Fuso ya viazi pale Uyole, Tusekile katikati, Blandina dirishani, na dereva mmoja mpole aliyekuwa anapenda kwaya. Walipofika Makambako dereva alisimama watu wachimbe dawa na wale mahindi. Tusekile hakuteremka. Alishika kiti kwa mikono miwili hadi gari likaondoka, na Blandina, aliyekuwa mtu wa maneno mengi, alikuwa na akili ya kutouliza. Mbele kidogo alianza mwenyewe kusimulia. Alisimulia kwamba mama mdogo hakuolewa tena, hayo ya maisha mengine yalikuwa ya mdomo wa watu. Kwamba alikuja Mbeya mara moja, akasimama ng'ambo ya barabara, akamwona Tusekile katika sare za shule akicheka na wenzake mlangoni pa duka, akaogopa kulikatisha lile cheko. Kwamba siku hizi moyo wake unafanya kazi kwa kujivuta, mwili unajaa maji na kupungua, na anapanga mambo yake kama mtu anayetaka kuiacha nyumba ikiwa imefagiliwa.

Nyumba ilikuwa Kihesa, Iringa, yenye ua wa michongoma na picha ya Bikira Maria juu ya mlango. Tekla alikuwa amekaa juani kwenye kigoda akichambua maharage. Tusekile alikuwa amejiandalia sura ya mama huyo maisha yake yote, na sura ile ilimfia pale langoni. Huyu alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mvi zimemjaa, miguu imevimba juu ya kandambili. Alikuwa na paji la uso ambalo Tusekile huliona kwenye kioo kila asubuhi.

"Kamwene, mama mdogo," alisema Blandina. "Nimekuja na mgeni."

Tekla hakuuliza mgeni ni nani. Ungo ulimteleza magotini na maharage yakamwagika yote, na hakuna aliyeyaangalia.

"Shikamoo mama," alisema Tusekile. Ni salamu ambayo humpa kila mwanamke mtu mzima wa Mbeya, mara mia kwa siku. Safari hii neno la mwisho lilikuwa na mwenyewe.

"Marahaba," alisema Tekla. "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Aliendelea kuirudia, kana kwamba alikuwa na marahaba za miaka yote na anazilipa hapo hapo.

Hawakukumbatiana kwanza. Watu waliongojeana mno huogopa kugusana, wasije wakajikuta wanaota. Tusekile alipiga magoti kwenye maharage, akafungua leso, akashika ule mkono uliovimba na kuuvisha bangili. Ilipita vizuri, maana alikuwa ameitanua bila kujua anamtanulia nani. Jua la jioni likaishika, ikawaka.

"Nzuri," alisema Tekla. "Imekuwa kama mpya."

Alisema hivyo kwa upole, kama mtu anayeshukuru chakula asichokipenda. Lakini kidole gumba cha mkono wake wa pili kilikuwa kimeshafika. Kilizunguka pembezoni mwa bangili, kikafika mwisho, kikazunguka tena, taratibu, kikitafuta. Uso wake haukubadilika. Hakutaka mgeni wake ajue kwamba kuna kitu kimepotea. Kidole tu ndicho hakikujua adabu, kiliendelea kuzunguka.

Tusekile hakuweza kuvumilia kukiona.

"Ni mimi niliyeyatoa, mama," alisema. "Niliona ni vidonda, nikavifuta. Sikuuliza ni ya nani. Baba alitaka kuyagonga upya kwa msumari, nikakataa."

"Si kitu," alisema Tekla. "Dhahabu ni dhahabu."

Yalikuwa maneno ya mume wake, na katika kinywa chake yalisikika machungu kama dawa ya mti. Tusekile aliushika tena ule mkono. Alijua jambo moja ambalo karakana ilimfundisha, kwamba dhahabu ya Chunya iliyopita motoni hulainika, na haikawii kupokea kile inachopewa. Aliuinua mkono wa mama yake hadi mdomoni, mkono wenye harufu ya maharage na sabuni ya magadi, akautafuta ule ukingo kwa ulimi kama alivyokuwa akiutafuta zamani, wakati ambao hakuukumbuka na ambao mdomo wake pengine uliukumbuka. Akaing'ata. Aling'ata kwa nguvu zote za taya, macho ameyafumba, na machozi yakashuka juu ya kifundo cha mkono wa mama yake.

Alipoachia, Tekla aliurudisha mkono mapajani polepole. Kidole gumba kikaanza safari yake, kikateleza kwenye ule ung'avu wa Mzee Yotamu, kikateleza, kisha kikasimama. Kikabaki hapo. Alikibonyeza mahali pale kwa muda mrefu, akipima jino moja baada ya lingine.

"Yamekuwa makubwa," alisema. "Umekua, mwanangu, na mimi sikuwepo."